Maswali ya Wasomaji: Lifti ya Mkasi

Katika toleo lililopita tulitaja kwa kupita tu jukwaa la kuinulia mafundi ambalo hupanda juu ya vyuma vinavyokatana kama mkasi. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na kwa kuwa maswali yanagusana, tumechagua yale yanayowakilisha mengine na kuyajibu hapa kwa pamoja. Anayetaka kuielewa mashine hii vizuri asiliruke jibu la pili, kwa maana mengi yanayofuata yanatokana nalo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona vyuma vya lifti hii vikifunguka vyote kwa wakati mmoja kana kwamba kila kimoja kina mota yake. Nguvu inatoka wapi, na kwa nini jukwaa linapanda wima bila kusogea upande?

JIBU: Vyuma hivyo havina mota hata kimoja. Kila jozi ni vyuma viwili vya urefu sawa vilivyounganishwa katikati kwa pini, hivyo kufanya umbo la herufi X. Ncha ya chini ya chuma cha kwanza imefungwa kwenye fremu kwa pini na haiondoki mahali pake, ilhali ncha ya chini ya mwenzake ina kigurudumu kinachotembea ndani ya mfereji. Juu, chini ya sakafu ya jukwaa, mpango ni huohuo: ncha moja imefungwa, nyingine inatembea. Kwa kuwa vyuma ni sawa kwa urefu na vimeshikana katikati kabisa, ncha iliyofungwa juu hukaa daima wima juu ya ncha iliyofungwa chini, na sakafu hubaki sambamba na fremu katika kila kimo. Jukwaa halina njia nyingine ya kupita isipokuwa kwenda juu au kurudi chini.

Lifti ndefu huwa na jozi kadhaa zilizopandana, na ncha za juu za jozi moja ndizo ncha za chini za jozi inayofuata. Hapo ndipo penye jibu la swali lako kuhusu kufunguka kwa pamoja: pembe ya jozi moja ikibadilika, pembe za zote hubadilika kwa kiasi kilekile, kwa sababu zimeshikana na hakuna iliyo huru kubaki nyuma. Inatosha kusukuma mahali pamoja tu. Kimo kinachopatikana ni idadi ya jozi mara urefu wa chuma mara saini (kwa Kiingereza sine) ya pembe ambayo chuma kinafanya na sakafu. Tuchukue vyuma vya mita 2 na jozi 4. Vikiwa vimelala kwa pembe ya nyuzi 5, rundo zima lina kimo cha sentimita 70 hivi. Vikisimama kwa nyuzi 60, kimo kinafika karibu mita 6.9, na ncha za chini, zilizokuwa zimeachana kwa karibu mita 2, sasa zimeachana kwa mita 1.

Msukumo wenyewe, katika mashine nyingi, hutoka kwenye mfumo wa haidroliki. Betri huendesha mota, mota huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta kutoka kwenye tangi hadi ndani ya silinda iliyofungwa kati ya vyuma. Pistoni inapotoka nje, vyuma husimama. Silinda moja yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80, ikipewa shinikizo la bar 200, husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 10, na ndiyo maana kitu chembamba kiasi kile kinaweza kuinua watu, zana, sakafu ya jukwaa na vyuma vyenyewe. Wako pia watengenezaji ambao sasa wameacha mafuta kabisa na kutumia parafujo kubwa inayozungushwa na mota ya umeme, jambo linaloondoa hatari ya kuvuja kwenye sakafu safi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, lifti tunayoitumia ghalani huunguruma sana inapoanza kupanda, kisha hutulia inapofika juu. Nilidhani mzigo unapokuwa juu ndipo mashine inapoteseka zaidi. Je, ni mbovu?

JIBU: Si mbovu. Kazi ngumu kuliko zote ni ile ya kunyanyuka kutoka chini, kama ilivyo kwa mtu aliyechuchumaa na mzigo kichwani: akishanyoosha magoti nusu, kilichobaki ni chepesi.

Hesabu yake inaeleweka bila shida. Tuseme silinda inasukuma kwa mlalo kwenye ncha za chini. Msukumo unaohitajika ni uzito wa mzigo mara idadi ya jozi, ukigawanywa kwa tanjenti ya pembe ya vyuma. Kwa mzigo wa kilo 500 na jozi moja tu, pembe ikiwa nyuzi 60, msukumo unaotakiwa ni sawa na uzito wa kilo 290 hivi. Pembe ikiwa nyuzi 45, ni kilo 500 zilezile. Lakini vyuma vikiwa vimelala kwa nyuzi 5, msukumo huo unapanda hadi tani 5.7. Kwa jozi 4 zidisha kila namba mara nne, nawe utafika karibu tani 23 kwa ajili ya kuinua nusu tani. Na hapo bado hatujahesabu uzito wa vyuma wala msuguano wa pini.

Namba hizo zinatisha, ila hakuna nguvu inayopotea. Katika pembe hiyo ya nyuzi 5, ncha za chini za jozi moja zikisogea sentimita 1, mzigo hupanda kiasi cha sentimita 11. Safari ndefu ya mzigo inalipiwa kwa msukumo mkubwa, na mambo hugeuka kadiri vyuma vinavyosimama: msukumo unapungua na mwendo wa jukwaa nao unapungua. Vyuma vikilala kabisa, yaani pembe ikiwa sifuri, hakuna msukumo wa mlalo uwezao kuvinyanyua, uwe mkubwa namna gani. Kwa hiyo wabunifu huweka vizuizi vinavyoacha pembe ndogo hata lifti ikiwa imekunjwa, na silinda hawailazi bali huiweka mshazari, mara nyingi kati ya vyuma vya jozi mbili tofauti, ili sehemu ya msukumo wake ielekee juu tangu mwanzo.

Ikiwa mngurumo unaendelea hadi juu badala ya kutulia, hapo kuna la kuchunguza: kiasi cha mafuta kwenye tangi, chaji ya betri, au uzito uliopakiwa.

SWALI: Ikitokea bomba la mafuta limepasuka fundi akiwa juu, je, haanguki nalo? Na umeme ukiisha?

JIBU: Bomba likipasuka jukwaa halipaswi kuanguka, kwa sababu vali inayozuia mafuta kutoka haiwekwi kwenye pampu wala katikati ya bomba, bali hufungwa moja kwa moja kwenye mdomo wa silinda. Mafuta yaliyomo ndani ya silinda hubaki yamefungiwa humo hata kama bomba lote limechanika, na jukwaa husimama pale lilipo.

Kuhusu umeme, kumbuka kwamba kushuka hakuhitaji mota. Opereta anapobonyeza kitufe cha kushuka, vali hufunguka, uzito wa jukwaa husukuma pistoni ndani, na mafuta hurudi kwenye tangi kwa kupitia tundu dogo linalozuia kasi isizidi. Betri zikiisha, vali hiyo inaweza kufunguliwa kwa mkono kutoka chini, kwa kuvuta kishikio kilichowekwa kwenye fremu. Ningependa kusisitiza neno moja hapa: kishikio kiko chini, na aliye juu hawezi kukifikia. Mahali ambapo opereta peke yake ndiye anayejua kilipo, kishikio hicho ni kama hakipo. Kabla jukwaa halijapanda, angalau mtu mmoja anayebaki sakafuni awe ameonyeshwa na ameshakijaribu kwa mkono wake.

SWALI: Tunatakiwa kubadilisha taa na kupaka rangi dari ya ukumbi mkubwa. Mwenzangu anataka skafoldi, mimi nataka lifti ya mkasi, na muuzaji anatupa mashine yenye mkono mrefu. Tuamueje?

JIBU: Anzeni na njia ya kufikia mahali pa kazi. Lifti ya mkasi hupanda wima tu. Kama chini ya kila taa kuna sakafu tupu, hakuna mashine inayoifaa kazi hiyo zaidi, kwa kuwa jukwaa lake ni pana, hubeba watu na vifaa pamoja, na opereta anaweza kuiendesha polepole kutoka taa hadi taa bila kushuka. Lakini kama chini ya taa pana viti vilivyofungwa sakafuni, ngazi au jukwaa la maonyesho, lifti hii haitawafaa, hata iwe ndefu kiasi gani. Hapo mkono unaojikunja na kupita juu ya vizuizi ndio unaohitajika. Sakafu ya ziada inayosukumwa mbele hupunguza tatizo kidogo, kwani huongeza mita moja hivi, ingawa uzito unaoruhusiwa juu yake ni mdogo kuliko wa jukwaa zima. Skafoldi ina heshima yake pale kazi inapokaa mahali pamoja kwa siku nyingi. Na kwa taa moja tu, ngazi imara inatosha.

Mkishakubaliana kuhusu mkasi, soma namba za mashine kwa makini. Matangazo mengi hutaja kimo cha kazi, ambacho ni kimo cha sakafu ya jukwaa kikiongezwa mita 2 za mtu aliyesimama na kunyoosha mikono. Lifti ndogo ya umeme inayoonekana mara nyingi ndani ya majengo ina jukwaa linalofika futi 19, yaani mita 5.8, na hutangazwa kuwa ya mita 7.8. Mashine ya namna hiyo ina upana wa sentimita 76 hadi 81, kwa hiyo hupita kwenye milango ya kawaida, na hubeba kiasi cha kilo 230, kukiwa ni pamoja na watu, rangi, ndoo na taa zenyewe. Chini ya viwango vipya vya Marekani, vilivyoanza kutumika mwaka 2020, mashine mpya inapaswa kuwa na kifaa cha kupima mzigo na kukataa kupanda ukizidi. Mashine za zamani hazina adabu hiyo, na zitapanda tu.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni sakafu. Lifti hiyo ndogo ina uzito wa zaidi ya tani moja, na uzito wote huo unakaa juu ya magurudumu manne madogo. Sakafu ya mbao, kifuniko cha mfereji, vigae vilivyowekwa juu ya uwazi au ghorofa ya kati iliyojengwa kwa ajili ya kutembea watu inaweza kukubali mashine ikiwa imesimama na kuvunjika inapokata kona. Mwenye jengo aulizwe uwezo wa sakafu kwa kilo, si kwa neno lake tu kwamba ni imara.

Kwa ukumbi wa ndani chagueni ya umeme yenye matairi yasiyoacha alama. Zile za dizeli, zenye matairi makubwa, mvuto kwa magurudumu yote manne na mara nyingi miguu ya kujiegemeza, zimetengenezwa kwa ajili ya viwanja vya ujenzi. Hubeba zaidi na hufika juu zaidi, ila moshi wake hauna nafasi ndani ya jengo.

SWALI: Mhariri, lifti yetu hupiga king'ora na kukataa kupanda hata mahali ambapo macho hayaoni mteremko wowote. Je, tunaweza kukizima kihisi cha mwinamo?

JIBU: Hapana, na sababu inaweza kupimwa kwa rula. Kwa lifti nyingi ndogo za ndani kikomo cha kuinama ni nyuzi 1.5 kwa upande na nyuzi 3 kwa mbele na nyuma. Jukwaa likiwa kwenye kimo cha mita 8, mwinamo wa nyuzi 1.5 hulihamisha kwa sentimita 21 kutoka mahali pake. Mashine yenye upana wa sentimita 80 ina sentimita 40 tu kutoka katikati hadi ukingoni; yaani mteremko ambao jicho halikuuona umeshakula nusu ya umbali huo kwa jukwaa na watu walio juu yake. Kinachoizuia mashine isipinduke ni uzito mkubwa wa fremu na betri ulioko chini, na akiba hiyo ina mwisho. Fundi akiegemea uzio na kusukuma keekee ukutani, anaongeza nguvu nyingine ya upande. Kibao cha mashine hutaja nguvu hiyo inayoruhusiwa, na kwa kawaida ni newtoni 200 hadi 400, sawa na uzito wa kilo 20 hadi 40. Si nyingi kwa mtu anayetoboa zege.

Upepo ni jambo la namna hiyohiyo, ila huja bila taarifa. Lifti nyingi za ndani haziruhusiwi upepo wowote, na zile zinazoruhusiwa nje hupewa kikomo cha mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake huwa mara nne, na turubai au bango lililofungwa kwenye uzio hugeuka tanga. Oktoba 2010, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame kwenye jimbo la Indiana nchini Marekani, mwanafunzi aliyekuwa akipiga picha za video za mazoezi ya timu ya chuo alifariki baada ya lifti aliyokuwa juu yake kuangushwa na upepo uliozidi kilomita 80 kwa saa. Utabiri wa upepo mkali ulikuwa umekwisha kutolewa.

Mkitazama chini ya mashine inapopanda, mtaona pia vipande vya chuma vikishuka pande zote mbili hadi kukaribia kabisa sakafu. Kazi yake ni kuidaka fremu endapo gurudumu litatumbukia shimoni, kabla mwinamo haujawa mkubwa. Vikikwama kwa uchafu, mashine haitakubali kupanda, na dawa ni kuvisafisha, si kuvifungua.

SWALI: Je, ni lazima kuvaa mkanda wa usalama ndani ya jukwaa?

JIBU: Kinga kuu ni uzio wenyewe, na katika lifti ya mkasi mkanda si lazima kila mahali; fuateni kitabu cha mtengenezaji na kanuni za eneo la kazi. Ukivaliwa, ufungwe kwenye kitundu kilichotengwa kwa kazi hiyo sakafuni au kwenye uzio. Ajali nyingi za kuanguka huanza pale mtu anapopanda juu ya uzio, au anapoweka ngazi juu ya jukwaa ili apate nusu mita iliyopungua. Aliyepungukiwa kimo alikosea kuchagua mashine.

SWALI: Nje ya ujenzi na maghala, umbo hili la mkasi linatumika wapi?

JIBU: Uwanja wa ndege ndio mahali pazuri pa kulitazama. Lori linaloleta chakula cha abiria hunyanyua sanduku lake zima kwa mkasi hadi usawa wa mlango wa ndege, na sitaha ya juu ya Airbus A380, ambayo milango yake iko takriban mita 8 kutoka ardhini, ilihitaji malori yaliyotengenezwa mahususi kwa kimo hicho. Mashine zinazopakia makontena kwenye tumbo la ndege nazo hupanda kwa njia hii. Viwandani kuna meza za kuinulia, mara nyingi za jozi moja tu, zinazofukiwa katika shimo ili zikikunjwa ziwe sawa na sakafu. Nyingine hubeba makumi ya tani, na nyingine kazi yake ni kupandisha rundo la katoni kidogo kidogo ili mfanyakazi asiiname. Majumba ya maonyesho huinua sehemu za jukwaa, maabara huwa na kijimeza cha kupandisha chupa juu ya moto, na jeki ndogo inayokaa kwenye buti la gari ni ndugu yake, ingawa umbo lake ni msambamba na nguvu yake hutoka kwenye parafujo, ambayo kwa msuguano wa nyuzi zake haiwezi kurudishwa nyuma na uzito wa gari.

Mpango wa vyuma vinavyokatana ni wa zamani kuliko mashine zote hizi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mjerumani Christoph Scheiner alibuni kifaa cha kunakili michoro kwa ukubwa tofauti kwa kutumia fito zilizoungwa kwa pini, na watengenezaji wa milango ya kukunja wamekuwa wakitumia mpango wa jinsi hiyo kwa muda mrefu. Hata paneli za kupoza joto za Kituo cha Kimataifa cha Anga zilikunjuliwa kwa mkasi. Kule mzigo hauna uzito, kwa hiyo lile tatizo la nyuzi 5 linapungua sana.

SWALI: Tukiiacha lifti juu wakati wa chakula cha mchana, tunaikuta imeshuka kidogo. Je, ni hatari?

JIBU: Inategemea imeshuka kwa namna gani. Mafuta yaliyopata joto kazini hupungua ujazo yanapopoa, na jukwaa huteremka kidogo kisha hutulia. Hilo ni la kawaida. Likiendelea kuteremka bila kutulia, ama mpira wa pistoni umechakaa na mafuta yanapita kutoka upande mmoja wa pistoni hadi mwingine, ama vali haifungi sawasawa kwa sababu ya uchafu. Wekeni alama kwenye chuma, pimeni baada ya nusu saa, kisha pimeni tena baada ya nusu saa nyingine. Mteremko wa pili ukilingana na wa kwanza, itwe fundi, na mashine isitumike hadi atakapomaliza.

Wakati wa kuichunguza, jukwaa liwe tupu na nondo ya kuzuilia, ambayo hukaa imekunjwa kati ya vyuma, isimamishwe mahali pake kabla mtu hajaingiza mkono. Vali mnayoishuku ndiyo hiyohiyo inayolizuia jukwaa lisishuke, na anayeifungua pasipo nondo hiyo atakuwa amekaa chini ya mzigo usioshikwa na kitu.